Motokaa Imezaliwa Wapi?

Wasomaji, hapana shaka mmekwisha kulisikia neno "Mchina" likitumiwa kwa maana isiyoonekana katika ramani. Mtu akinunua tochi leo na kesho isiwake, husema, "Hii Mchina." Ndara zikikatika kabla ya muhula kwisha, ni Mchina. Hata mwanafunzi akitoa jibu la ovyo ubaoni, wenzake wa nyuma hunong'onezana kwamba hilo ni jibu la Mchina. Kinyume chake ni "Mjapani" na, kwa wazee wetu, "Mjerumani": yaani kitu kigumu, kitu cha kurithisha. Katika somo hili nataka kuyapima maneno hayo kwa upande wa motokaa na pikipiki, maana huko ndiko zinakokwenda fedha nyingi za wazazi wetu, na roho za abiria zimo humo humo. Nitaeleza kwa nini viwanda vya motokaa huhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, na kama kuhama huko kunabadili ubora wa kitu kinachotoka.

Yafaa tuanze hapa hapa pwani, kwa sababu jambo lenyewe si geni kwetu kama tunavyodhani. Katika karne ya 19 misafara mingi ya kwenda bara iliondokea bandari za pwani yetu, Pangani ikiwa mojawapo. Mali ya kubadilishana huko ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Katika nguo, iliyotakiwa kupita nyingine ilikuwa ile nene ya pamba isiyopaushwa, iliyoletwa Unguja na merikebu za Wamarekani, hasa wafanya biashara wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833, na tangu hapo nguo ile ikazidi kumiminika. Watu wakaiita merikani. Mkuu wa msafara aliyechukua nguo ya namna nyingine badala yake aliweza kufika mahali akakuta hapana anayeitaka, akakosa chakula na njia.

Basi mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na vita vile vikaendelea hata 1865. Pamba ikaadimika na nguo yao ikapungua sokoni. Uingereza na Bombay waliiona nafasi, wakafuma nguo ya kufanana na ile. Mwanzoni wanunuzi wa huku waliishuku, maana nguo hafifu yaweza kutiwa dondo nyingi ionekane nzito, na ikifuliwa mara moja ikabaki kama wavu. Walakini viwanda vya Bombay vilijifunza kufuma kwa namna wanunuzi walivyotaka, na kwa bei nafuu, na hata mwisho wa karne ile nguo nyingi ya aina hiyo iliyouzwa pwani ilitoka Bombay, si Marekani. Nayo iliendelea kuitwa merikani! Jina la nchi lilikuwa limekwisha kuwa jina la kitu. Ukifungua kamusi leo utaikuta merikani humo kuwa ni aina ya nguo, na mshona matanga hakuuliza tena kama imetoka Salem au la. Aliishika kwa vidole akaivuta.

Mambo hayo hayo twayaona barabarani. Bajaj ni jina la kampuni ya India, lakini sisi twaita bajaji chombo chochote cha magurudumu matatu, hata kikiwa kimeandikwa TVS ubavuni. Na kuna sehemu za nchi ambako pikipiki ya abiria iliitwa toyo kabla neno bodaboda halijaenea, kwa sababu ya pikipiki za Kichina zenye jina hilo. Wengi waliolisikia walidhani lina ujamaa na Toyota.

Sasa kwa nini kiwanda kihame? Wako wanaodhani kwamba kuunda motokaa ng'ambo ni jambo la siku hizi, lililoanza na China. Si hivyo. Mwaka 1911 kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuunganisha motokaa zake Trafford Park, karibu na Manchester, Uingereza. Mwaka 1924 ilifungua kiwanda Port Elizabeth, Afrika ya Kusini. Sababu ya kwanza ni ya hesabu nyepesi. Motokaa nzima ni kama kabati tupu: sehemu kubwa ni hewa, na meli hutoza kwa nafasi. Ukiifungua ukaipanga vipande vipande katika makasha, nafasi ya motokaa moja yachukua zaidi ya moja. Sababu ya pili ni ushuru. Serikali nyingi hutoza ushuru mkubwa kwa motokaa iliyokamilika na mdogo kwa vipande, kusudi kazi ya kuunganisha ifanywe na wananchi wake. Ndivyo ulivyo hata ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Sababu ya tatu ni mishahara, nayo ndiyo watu huitaja kwanza, ingawa peke yake haitoshi. Kama ingetosha, viwanda vyote vingekuwa katika nchi maskini kuliko zote, na hatuvioni huko. Kiwanda chahitaji umeme usiokatika, bandari, barabara, na jirani zake wawe watu wanaotengeneza nati, vioo, nyaya, viti na matairi. Jirani wa namna hiyo wakishakuwa wengi mahali pamoja, kuhama tena ni kazi ngumu. China wamekuwa wengi sana.

Hapa Afrika Mashariki, Wakenya wana viwanda vya kuunganisha Mombasa, Thika na Nairobi tangu miaka ya 1970. Huku kwetu Kibaha, katika mkoa wa Pwani, yaliunganishwa malori ya Scania zamani, na katika miaka hii ya karibuni, Kibaha hiyo hiyo, yameunganishwa malori ya Kichina ya FAW. Nitarudi Kibaha baadaye.

Tukija kwenye sifa, historia yachekesha. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, kwa kuwa wafua visu wa Sheffield walilalamika juu ya visu hafifu vya Wajerumani vilivyouzwa kwa kujifanya vya Kiingereza. Maneno "Made in Germany" yalikusudiwa kuwa onyo kwa mnunuzi. Haikupita miaka mingi yakageuka kuwa sifa. Japani nayo ilidharauliwa; babu zetu waliita Kijapani vitu vya bei rahisi visivyodumu, kama sisi tusemavyo Mchina. Motokaa ya Toyota iliyoitwa Toyopet Crown ilipopelekwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 haikuweza barabara ndefu za huko. Ilikuwa nzito na injini yake haina nguvu ya kutosha, na mwaka 1960 mauzo yake yakasimamishwa. Lakini tangu mwaka 1950 Wajapani walikuwa wamemwalika Mmarekani mmoja, W. Edwards Deming, awafundishe namna ya kupima kazi kwa takwimu, na tangu 1951 ikawako tuzo ya ubora yenye jina lake. Mafunzo hayo Wamarekani wenyewe hawakuyajali sana wakati ule.

Habari ninayoiona kubwa kuliko zote katika somo hili ni ya kiwanda cha Fremont, katika jimbo la California. Kilikuwa cha General Motors, nacho kilijulikana kwa ugomvi wa wakubwa na wafanyakazi, utoro, ulevi kazini, na motokaa zenye kasoro. Mwaka 1982 kikafungwa. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia wa General Motors na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wafanyakazi wengi walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, wenye chama chao kile kile. Mamia kadhaa walipelekwa Japani wakaone kazi. Walichokikuta kigeni zaidi ni kamba iliyopita juu ya vichwa vyao: mfanyakazi yeyote, hata wa chini kabisa, akiona kasoro aivute, na msimamizi aje wasaidiane, ikishindikana kurekebishwa, mstari mzima wa kazi usimame. Katika desturi ya zamani mstari haukusimamishwa kwa lolote. Motokaa ilipita na kasoro yake ikarekebishwe mbele ya safari, au isirekebishwe. Haukupita muda mrefu motokaa za Fremont zikalingana kwa ubora na zile zilizoundwa Japani. Nchi haikubadilika, mikono ni ile ile, paa ni lile lile. Kilichobadilika ni utaratibu, na nani ana ruhusa ya kusema "hapa pana kasoro". (Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2010, na Tesla wakakinunua.)

Na China je? Kiwanda chao cha kwanza kikubwa cha motokaa, hicho hicho cha FAW, kilianza kujengwa mjini Changchun mwaka 1953, na mwaka 1956 kikatoa lori la kwanza kwa mfano wa lori la Kirusi. Kwa muda mrefu yalikuwa hasa malori. Katika miaka ya 1980 wakawakaribisha wageni, na Volkswagen ikaanza kuunda Santana Shanghai. Walipoanza kujiuza Ulaya kwa majina yao wenyewe walipata aibu: mwaka 2005 motokaa ya Landwind iligongeshwa na chama cha waendesha motokaa cha Ujerumani katika majaribio, ikabonyea vibaya hata mahali pa dereva, mwaka 2007 Brilliance BS6 ikapata nyota 1 tu. Kwa hiyo dharau haikutoka hewani. Lakini mwaka 2010 kampuni ya Geely ikainunua Volvo ya Sweden, na mwisho wa mwaka 2019 Tesla ikaanza kutoa motokaa Shanghai, ambazo baadaye zilipelekwa Ulaya kuuzwa kwa watu wasiotaka mchezo. Mwaka 2022 motokaa kadhaa za Kichina, zikiwamo BYD Atto 3 na MG4, zilipata nyota 5 katika majaribio ya Ulaya. Mwaka 2023 China iliipita Japani kwa wingi wa motokaa zinazouzwa nje.

Hapo msomaji aweza kusema, "Basi Mchina amekuwa mzuri, tumalize." Ngoja kwanza. Mwaka 2023 huo huo, Australia, motokaa ya MG5 ilipata nyota 0. MG4 na MG5 zina jina moja la kiwanda na zatoka nchi moja. Na tusimwonee Mchina peke yake: mwaka 2018 pikapu yenye jina la Kijapani, Nissan NP300 Hardbody, iliyoundwa Afrika ya Kusini kwa soko la Afrika, ilipata nyota 0 katika majaribio ya Global NCAP. Kiwanda huunda kile ambacho sheria ya mnunuzi inakidai na mfuko wake unakikubali. Mwenye sheria kali huletewa motokaa yenye mifuko ya hewa, na asiyeuliza huletewa isiyo nayo.

Jambo hili lilinielea zaidi siku nilipokwenda mjini kwa ruhusa na kupita kwa fundi mmoja wa pikipiki. Nilimwamkia, "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu, umeleta kazi au maneno?" Nikamwambia nimeleta maneno. Alicheka akanionyesha viatu vya breki vya namna tatu, vyote vya pikipiki moja, vyote vimetoka China. Cha kwanza alisema hukaa. Cha pili hukaa ukienda polepole. Cha tatu, utando wake wa kukamatia umegandishwa kwa gundi tu na hubanduka ukipata joto la mteremko. "Sasa wateja wananunua kipi?" nikamuuliza. Akasema, "Mwenye pikipiki hananunulii breki, mwanangu. Ananunulia hesabu ya jioni." Wale waendeshaji wengi si wenye vyombo, humpelekea tajiri hesabu kila siku, na kinachobaki ndicho chao. Mfanya biashara naye akienda Guangzhou huulizwa kiwandani anataka bidhaa ya bei gani, naye aifahamu hesabu ile ya jioni kama fundi aifahamuvyo. Tangu kanuni za mwaka 2010 pikipiki zinaruhusiwa kuchukua abiria kwa leseni. Kwa hiyo kiatu cha tatu hakiwi tena shauri la mwenye pikipiki na fundi wake. Yumo mama mwenye mtoto mgongoni.

Twafaa pia kutenganisha vitu viwili tunavyovichanganya. Kitu hafifu ni kile kinachosema kweli juu ya jina lake na ni cha bei ndogo. Kitu bandia, yaani feki, ni kile kinachovaa jina la mwingine. Kiatu cha breki chaweza kuwa kimeandikwa Japani juu ya boksi na hakijapata kuiona Japani. Nchi yetu ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, nayo Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia kwa sheria hiyo. Na tangu katikati ya miaka ya 1970 tuna Shirika la Viwango, ndilo TBS, ambalo kazi yake ni viwango vya ubora, hata kitu kikiwa si bandia. Anayelaumu "Mchina" kwa boksi la uongo anamwachia aliyeagiza boksi lile kupigwa chapa aende zake.

Tulifanya jaribio dogo maabara. Mwenzetu mmoja alinunua boliti tatu katika duka moja mjini Tanga, na makasha yote matatu yalikuwa yameandikwa China. Ya kwanza nyeusi, haikupakwa kitu. Ya pili inang'aa, imepakwa zinki nyembamba. Ya tatu ni ya kijivu isiyong'aa, iliyochovywa katika zinki ya moto, kama wapendavyo waunda mashua, nayo ilikuwa ghali kuliko zile mbili. Tukazilowesha kwa maji ya bahari kutoka mdomo wa mto kila asubuhi na kuziacha zikauke. Nyeusi ilikuwa na kutu siku ya pili. Inayong'aa ilianza madoa mekundu kwenye meno yake wiki ya tatu. Ya kijivu ilikuwa na unga mweupe tu. Wanaosoma Kemia wajua sababu: zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Wenye motokaa wa Pangani, ambako upepo wa chumvi huvuma mwaka mzima, wangefaa kutazama chini ya bodi kabla ya kutazama jina. Maana hata motokaa kuukuu ya Kijapani, ikiwa imetoka sehemu za theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, yaweza kufika hapa imeanza kuliwa.

Wazee waliofanya kazi mashamba ya mkonge hawatashangaa. Mkonge si mzaliwa wa hapa. Asili yake ni Mexico. Dakta Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche 62 iliyosalia hai ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya pili ya mto wetu. Miaka mingi baadaye singa za Tanganyika zilisifiwa duniani kote. Mpanga daraja katika ghala hakuuliza mche ulizaliwa wapi. Alipima urefu, akatazama rangi, na kama singa zimeoshwa na kupigwa brashi vizuri, akaamua hizi daraja la kwanza, hizi la tatu, hizi chini ya hapo. Shamba moja, siku moja, hutoa daraja zote.

Kwa wanaotaka kujua kwa hakika motokaa ilikozaliwa, iko njia. Namba ya chasisi ya motokaa nyingi ina tarakimu na herufi 17, wala haitumii I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Herufi ya kwanza huonyesha sehemu ya dunia: J ni Japani, L ni China, W ni Ujerumani, na 1, 4 na 5 ni Marekani. Ukiona A ikifuatwa na herufi yoyote kuanzia A hadi H ni Afrika ya Kusini. M ina wenyewe kadhaa, wakiwamo India na Thailand, kwa hiyo yakupasa kutazama herufi ya pili. Motokaa kuukuu zinazotoka Japani moja kwa moja aghalabu hazina namba 17. Zina alama fupi ya aina yake, kistari, kisha namba.

Jumamosi moja mimi na wenzangu wawili tulikwenda kwenye kivuko cha Bweni, tukaomba ruhusa kwa madereva waliokuwa wakingoja. Pikapu moja ya Toyota, ambayo mwenyewe aliisifu kuwa "Mjapani halisi", ilianza na AH. Ya pili, ya jina lilo hilo, ilianza na MR, yaani Thailand. Alipoambiwa, mwenye ile ya kwanza alitaka kwanza kukataa, kisha akapiga mkono juu ya boneti akasema imemfikisha Handeni na kurudi masika mbili, iwe ya Kusini au ya Kaskazini. Lori la mchanga lilianza na L, na dereva wake alikuwa akijua. Alisema injini haijamsumbua. Linalomsumbua ni kupata spea za kweli.

Hatukupata lori la Kibaha siku ile. Tukilipata, herufi zake peke yake huenda zisituambie kitu, maana lori lililofungwa boliti Kibaha kwa vipande vya China laweza kuendelea kuanza na L ya mtengenezaji wake. Katika darasa letu wako wawili wanaotaka kwenda VETA kusoma ufundi wa motokaa wakishamaliza mtihani, na mmoja wao amekwisha kuulizwa na mjomba wake kama atanunua lori atakalolifunga yeye mwenyewe. Alijibu kwamba kwanza atataka kujua kama kiwandani iko kamba ya kuvuta.